Trekta dogo la mvuke si mchezo wa bure, lakini moto uje mwisho

Majuma haya maneno yamekuwa mengi katika makambi ya pembeni mwa Kalemie. Kijana mmoja aliyekimbia vita pamoja na wazazi wake ameanza kuunda trekta dogo la mvuke kwa vyuma vya kuokota. Urefu wake ni kama mkono wa mtu mzima, kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Hata magurudumu yote manne hajayamaliza. Wako wanaomshangilia na kumwita enjinia. Wako wanaosema njaa imemgusa akili. Mama mmoja aliniuliza kama mashine hiyo itasaga mihogo siku moja, na swali lake ni la haki kabisa.

Jibu langu kwa mama huyo ni hapana. Haitasaga mihogo, haitabeba kuni, haitalima shamba. Na hata hivyo nasema kijana huyo asaidiwe, na wengine kama yeye wasaidiwe pia. Ila nina sharti moja lisilo na mjadala: moto uje mwisho, na uje mbele ya macho ya mtu anayejua kazi. Wanaomshangilia wanasahau sharti hilo. Wanaomcheka nao wanasahau jambo lingine, kwamba mashine hii si ngeni hapa kwetu. Nitaeleza yote mawili.

Ni mashine gani hiyo?

Kabla ya magari ya mazutu, nguvu ya kuvuta mizigo mizito barabarani ilikuwa ng'ombe, farasi na migongo ya watu. Huko Uingereza wakulima walikuwa na injini za mvuke za kupura ngano, lakini injini zenyewe hazikuweza kutembea. Zilivutwa na farasi kutoka shamba hadi shamba. Mwaka 1859 mtu mmoja aitwaye Thomas Aveling aliona huo ni upuuzi: mashine yenye nguvu kuliko farasi inavutwaje na farasi? Alichukua injini ya namna hiyo akaifunga mnyororo mrefu kutoka kwenye injini mpaka ekseli ya nyuma, ikaanza kujiendesha yenyewe. Hapo ndipo trekta la mvuke lilipoanza kushika njia.

Muundo wake si mgumu kuelewa. Mbele kuna bomba la moshi. Nyuma kuna sanduku la moto, la kuni au makaa ya mawe. Katikati kuna tangi refu la maji linaloitwa boila, ambalo wazee wetu wa reli wanaliita shodieri. Moto na moshi hupita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, maji yanachemka, mvuke unabanwa. Mvuke huo unaingia kwenye silinda, unasukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu zito la pembeni, na meno ya chuma yanapeleka mzunguko huo kwenye magurudumu makubwa ya nyuma. Boila yenyewe ndiyo mwili wa trekta. Silinda imekaa juu yake, magurudumu yameshikiliwa nayo. Likumbukeni hilo, nitalirudia mbele.

Yalipita kwetu mwaka 1915

Sasa kwa wale wanaosema haya ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walikuwa na meli za vita katika ziwa letu la Tanganyika, na ziwa lilikuwa mikononi mwao. Waingereza wakaamua kuleta mashua mbili za vita, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, zilizopewa majina ya Mimi na Toutou. Mkubwa wa safari hiyo alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Mashua zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda gari moshi mpaka Fungurume, Katanga. Reli ile ikaishia hapo.

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, karibu na Bukama, kulikuwa na pori, mito na milima ya Mitumba. Ni zaidi ya kilomita 200. Mashua zile zilivutwa na matrekta mawili ya mvuke, yakisaidiwa na makundi ya ng'ombe. Miti ilikatwa, njia ikafunguliwa, madaraja zaidi ya 100 yakajengwa kwa magogo. Madaraja mengine yalishindwa kubeba uzito wa matrekta. Safari hiyo ilichukua sehemu kubwa ya mwezi wa 8 na wa 9. Kutoka Sankisia mashua zilipanda reli fupi mpaka Bukama, zikashuka mto Lualaba mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo zikapanda tena gari moshi mpaka Lukuga, yaani hapa hapa tunapokaa. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa 10. Tarehe 26 mwezi wa 12, mwaka 1915, mashua hizo ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani.

Historia hii inasimuliwa sana huko Ulaya. Majina ya mashua yanajulikana, jina la mkubwa wa safari linajulikana. Lakini ni nani aliyekata miti ile? Ni nani aliyebeba magogo ya madaraja? Ilikuwa wakati wa kiangazi, na trekta la mvuke linakunywa maji kama kundi la ng'ombe. Maji yalipopungua porini, wanawake wa vijiji waliyabeba vichwani mwao ili matrekta yaendelee kutembea. Majina yao hayajaandikwa popote.

Basi mimi nauliza hivi. Babu zetu walifungua njia ya mashine, bibi zetu waliinywesha maji, na hakuna aliyewafungulia mashine hiyo kuwaonyesha ndani yake kuna nini. Leo mjukuu wao anakaa chini ya hema la plastiki na anataka kujua ndani yake kuna nini. Tumcheke?

Na kuna jambo la pili. Boila nzuri ya trekta dogo hutengenezwa kwa shaba, huu mukuba wetu wa Katanga. Fungurume ile ile ambako matrekta yalianzia safari leo ni moja ya machimbo makubwa ya shaba na kobalti duniani. Zamani mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba wenyewe na kuimwaga katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa fedha ya kununulia na kulipia mahari. Kwa hiyo chuma ni chetu, na ufundi wa moto ulikuwa wetu. Kilichokatika katikati ni mafunzo.

Kwa nini kidogo?

Watu wanauliza, akitaka kujifunza, kwa nini asiunde kitu kikubwa chenye faida? Katika nchi ya Uingereza kazi ya kuunda mashine ndogo za mfano ni ya muda mrefu. Gazeti lao la kazi hiyo, Model Engineer, lilianza mwaka 1898. Kuna michoro ya trekta dogo liitwalo Minnie ambalo wengi wanaoanza hulichagua. Limepunguzwa mara 12, kila futi moja ya trekta halisi imekuwa inchi moja. Watu wanaoliunda ni karani, mwalimu, dereva, mstaafu. Wanafanya jioni baada ya kazi, na mwenye kuanza anaweza kutumia miaka kadhaa. Hakuna anayewaita wendawazimu.

Kidogo kina faida yake. Kwanza, makosa yake ni ya bei ndogo. Ukikata vibaya kipande cha chuma cha sentimita 5, umepoteza nusu saa. Ukikata vibaya ekseli ya lori, umepoteza mtaji wa familia. Pili, hesabu inajionyesha. Trekta likipunguzwa mara 12 kwa urefu, eneo la kila sehemu linapungua mara 144, na uzito unapungua mara 1,728. Trekta la tani 10, kwa hesabu hiyo tupu, linakuwa kitu cha kilo 6 hivi ambacho mtoto anaweza kukibeba. Nimewaona watoto wanaoshindwa somo la hesabu ubaoni. Sijaona mtoto anayeshindwa kuelewa akiwa ameshika kitu mkononi.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini mashine ndogo ni ngumu kuipasha moto. Mama zetu wanajua: chai katika kikombe inapoa haraka kuliko chai katika sufuria kubwa. Boila ndogo nayo inapoteza joto haraka, kwa hiyo kila mahali panapovuja ni hasara, kila silinda iliyotobolewa upande ni hasara. Mashine ndogo haimsamehi fundi mvivu. Inamfundisha kupima.

Na hapa ndipo ninapomrudia mama wa mihogo. Mashine ya kusaga mihogo katika makambi yetu ina pistoni, ina silinda, ina fimbo iliyopindwa inayogeuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko, ina gurudumu zito. Pikipiki inavyo vyote hivyo. Boti ya injini ziwani inavyo vyote hivyo. Ikiharibika leo, tunamtafuta fundi mjini, tunamlipa franka nyingi, na mara nyingine anabadilisha kipande ambacho hakikuwa na ugonjwa. Kijana aliyeunda pistoni moja kwa mkono wake, akaona inakwama, akaitoa, akaipiga tupa kidogo, akairudisha mpaka ikateleza, huyo atajua kusikiliza mashine. Trekta lake halitasaga mihogo. Yeye mwenyewe ndiye atakayefanya mashine ya mihogo isage.

Anayeanza ashike njia gani

Nimezungumza na mafundi wa chuma wa hapa mjini na nimesoma yale ambayo wenye uzoefu wanawaambia wanaoanza. Mashauri yao yanafanana.

La kwanza ni mchoro. Usianze kukata chuma kabla ya kuchora mashine yote kwenye karatasi kwa ukubwa wake wenyewe, ukaandika kipimo cha kila kipande kwa milimita. Karatasi ni rahisi kuliko chuma.

La pili, anza na magurudumu na ekseli. Ni kazi ya kuona matunda mapema, na trekta linaposimama kwa miguu yake hata bila injini, moyo unapata nguvu. Hapa Kongo tuna hazina ambayo hatuifikirii, nayo ni mafundi wa sufuria. Wanayeyusha aluminiamu ya zamani na kuimwaga katika mchanga uliofinyangwa. Fundi wa namna hiyo anaweza kumwaga gurudumu la trekta dogo kwa saa chache, mradi kijana amletee mfano wa mti uliochongwa vizuri. Aluminiamu inatosha kwa magurudumu. Kwa boila isitumike hata kidogo.

La tatu, chagua silinda ya kuyumba. Kuna silinda zenye vali za kufungua na kufunga mvuke, na hizo ni za mwaka wa pili au wa tatu. Silinda ya kuyumba haina vali. Yenyewe inacheza kulia na kushoto pamoja na pistoni, na kila inapoyumba tundu lake linakutana na tundu la kuingiza mvuke, kisha na tundu la kutoa. Matrekta madogo ya kuchezea ya Mamod, yanayotengenezwa Uingereza, yanatembea kwa silinda za namna hiyo. Vipande ni vichache, na ukikosea unaona umekosea wapi.

La nne, na hili ndilo linalopendeza zaidi: injini hiyo haihitaji mvuke ili uijaribu. Hewa inatosha. Funga mpira wa pompi ya kinga kwenye tundu la kuingilia, mwambie rafiki apige pompi, na gurudumu litazunguka. Likizunguka vizuri kwa hewa, umefanya sehemu kubwa ya kazi. Lisipozunguka, hakuna aliyeungua. Hata wenye pesa na vyombo vyote huko Ulaya hujaribu injini zao kwa hewa kwanza.

La tano, uvumilivu. Kazi hii haikubali haraka. Kipande kimoja kwa juma kinatosha.

Wasichana nao wasiachwe pembeni. Nasikia watu wakisema kazi ya chuma ni ya wanaume. Mtu anayeshona kwa mashine ya miguu tayari anafanya kazi na ekseli, mkanda na gurudumu zito. Vidole vinavyoweza kuweka uzi katika sindano vinaweza kuweka boloni ya milimita 3.

Moto uje mwisho

Sasa nawaomba wazazi wasikilize kwa makini, maana hapa hatuzungumzi tena juu ya ufundi tu. Tunazungumza juu ya ngozi na macho ya watoto.

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida inajaza nafasi ya lita 1,600 hivi. Ukiifungia isipate nafasi hiyo, inasukuma kila upande. Sufuria iliyo wazi haizidi nyuzi 100 za joto. Lakini maji yaliyobanwa ndani ya boila kwa presha ya bar 6 yanafika karibu nyuzi 165. Boila ikipasuka, maji hayo yote yanataka kuwa mvuke kwa mara moja. Kumbukeni nilichosema: boila ndiyo mwili wa trekta. Ikipasuka, trekta zima linageuka vipande vya kuruka.

Kwa hiyo kopo la maziwa lililozibwa na kuwekwa juu ya makala si boila. Ni bomu. Bidoni ya chuma iliyochomelewa pembeni mwa njia si boila. Chupa ya gesi iliyokwisha si boila. Lehemu laini ya risasi na bati, ile ya kufunga redio, inaanza kuyeyuka karibu na nyuzi 185, yaani hatua chache tu kutoka joto la maji yenyewe. Ndiyo sababu wenye kazi hii wanaunganisha shaba kwa lehemu ya fedha, ambayo haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 600.

Boila ya kweli, hata ikiwa ndogo kama chupa, ina mambo manne. Ina supapi ya usalama inayojifungua yenyewe presha ikizidi. Ina kioo cha kuonyesha maji yamebaki kiasi gani. Ina kipimo cha presha. Na kabla ya kuona moto imejaribiwa kwa maji baridi: inajazwa mpaka pomoni bila hewa ndani, kisha inabanwa kwa pompi ya mkono mpaka mara mbili ya presha itakayofanyia kazi. Kwa nini maji baridi? Kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Boila mbovu ikishindwa katika jaribio hilo inavuja tu, hairuki. Katika vyama vya huko Uingereza, mtu hawezi kuwasha trekta lake mbele ya watu bila cheti cha majaribio hayo.

Msidhani ni hofu ya bure. Tarehe 29 mwezi wa 7, mwaka 2001, trekta kubwa la mvuke la zamani lililipuka katika maonyesho ya Medina, jimbo la Ohio, Marekani. Watu 5 walikufa. Ndani ya boila maji yalikuwa yamepungua, bati la juu ya sanduku la moto likapata joto kupita kiasi, nalo lilikuwa limekwisha kuliwa na kutu. Hiyo ilikuwa nchi yenye vyombo vyote na hospitali karibu. Sisi tunajua safari ya mtoto aliyeungua inavyokuwa hapa kwetu, kutoka kambini mpaka kwenye kitanda cha hospitali.

Na kuna hatari nyingine ambayo Waingereza hawaandiki katika vitabu vyao vya kuanza, kwa sababu haiko kwao. Kijana anayeokota vyuma katika eneo lililopita vita ataona chuma kizuri, cha mviringo, chenye shaba pembeni. Kinaweza kuwa kombora ambalo halikulipuka. Usikiguse, usikisogeze, usikitupie jiwe. Weka alama mbali nacho na uwaambie viongozi. Trekta lolote lile halina thamani ya mkono wako.

Ndiyo maana nasema moto uje mwisho. Na kama boila ya kweli haipatikani, basi isiwepo. Trekta litembee kwa hewa. Litakuwa trekta zima, na kijana atakuwa mzima.

Kwa wale wanaosema kuna njaa

Najua kuna njaa. Mwandishi anayezunguka makambini hawezi kusahau. Sisemi mtu auze unga anunue tupa. Sisemi shirika liache kugawa chakula ligawe boloni. Lakini mtu aliyekimbia vita hakuja na tumbo tu. Alikuja na mikono na kichwa. Kijana wa miaka 17 anayekaa mwaka mzima akingoja siku ya kugawiwa anajifunza jambo moja, nalo ni kungoja. Wanaokuja kumtafuta kijana wa namna hiyo mnawajua. Hawamletei michoro, wanamletea bunduki.

Wengine wanasema mvuke ni kitu cha zamani, siku hizi ni kompyuta. Nao nawajibu. Viwanda vingi vya umeme duniani, vya makaa ya mawe na hata vya nyuklia, bado vinachemsha maji na kuzungusha magurudumu kwa mvuke. Meli yetu ya Liemba, ambayo Wajerumani waliileta ikiwa vipande na kuiunga upya pale Kigoma, ilisafiri kwa mvuke miaka mingi. Anayeelewa mvuke anaelewa joto, presha na nguvu, na hivyo haviwezi kuwa vya zamani. Chukudu la Goma nalo lilianza kwa mtu aliyechonga mti wakati wengine wakimtazama. Leo linabeba chakula cha mji.

Ninachoomba

Siombi pesa nyingi. Naomba mambo yanayowezekana hapa hapa.

Kwa wenye atelye za chuma mjini: toeni meza moja na masaa mawili kwa juma, siku ambayo kazi si nyingi. Kijana afagie, apange vyombo, na kwa malipo atumie jiliwa, tupa na mashine ya kutobolea mbele ya macho yenu.

Kwa wazee waliofanya kazi kwenye reli na kwenye bandari: ninyi mnajua presha, mnajua supapi, wengine mliwasikia wakubwa wenu wakisimulia injini za mvuke. Ujuzi huo mtauzika pamoja nanyi? Njooni mkae kwenye kiti, si lazima mshike nyundo. Neno lenu moja la "bado, irudishe" litaokoa vidole vya mtu.

Kwa mashirika yanayofundisha vijana ufundi: mafunzo ya majuma machache yanayomalizika kwa karatasi na picha hayatoshi. Mpeni kijana kitu kimoja cha kuunda kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata kiwe kidogo, hata kichukue mwaka. Mpimeni kwa kitu chenyewe kinachozunguka mezani, msimpime kwa cheti.

Kwa viongozi wa makambi: wekeni fasi moja ya kazi za mikono, mbali na mahema na mbali na watoto wadogo, na kanuni mbili zilizoandikwa wazi mlangoni: hakuna kuwasha boila ambayo haijajaribiwa, na hakuna kuleta chuma cha vita.

Kwa wazazi: msivunje kile mtoto alichokiunda kwa sababu hakileti franka leo. Muulizeni anafanyaje kazi, mwacheni awaeleze. Mtu akilazimika kumweleza mama yake pistoni ni nini, hapo ndipo naye anaielewa.

Na kwa wewe kijana unayeanza, wa Kalemie, wa Nyunzu au uliyetoka ng'ambo ya Fizi: haba na haba hujaza kibaba. Piga tupa taratibu. Pima mara mbili. Jaribu kwa hewa. Siku gurudumu lako litakapozunguka mara ya kwanza, hutakuwa tena mtu wa kubeba maji ya mashine ya mwingine.

Haya ndiyo maoni yangu. Wenye mawazo tofauti waniletee, nitayasoma mbele ya wote kama kawaida yetu. Amani kwenu nyote, wenyeji na mliokimbilia kwetu.

Mwandishi wenu, Kalemie